Busara Ina Macho

Jioni moja mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa sekondari hapa Bukavu, aliniletea daftari lake la Kiingereza. Mwalimu alikuwa amewapa maneno manne yanayohusu uamuzi mwema, akawataka waeleze tofauti zake. Kijana alikuwa ameandika jibu moja mara nne: kuwa na akili. Akaniuliza, “Baba mdogo, kwani yote si kitu kimoja?”

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana hata sisi katika Kiswahili tunayo akili, werevu, busara na hekima, nasi twayachanganya kama maharagwe katika gunia moja. Basi nikamsimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Nilipotaka kuoa nilitafuta kiwanja. Kila mtu aijuaye Bukavu ajua kwamba mji wetu umekaa juu ya vilima, na rasi zake tano zaingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Mahali pa tambarare ni haba. Nikapata kiwanja mtelemkoni. Kilikuwa kiangazi, udongo mgumu kama jiwe. Nikapiga hesabu ya fedha, matofali na mabati, wala sikukosea hata kidogo. Hiyo ndiyo akili. Kisha nikajifanya sina haja na kiwanja kile, mpaka mwenyewe akapunguza bei. Huo ndio werevu, nami nilijisifu sana.

Nikamwita baba yangu aje akione. Hakuuliza bei. Alitazama juu ya kilima, akatazama chini, akainama na kushika mizizi ya mti iliyobaki wazi, maana udongo wake ulikuwa umekwisha kuchukuliwa. Akasema, “Mwanangu, maji yana njia yake, nayo yapita hapa. Ngoja mvua.” Hiyo ndiyo busara. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuona. Hata Walatini, walipoipa fadhila hii jina lao, walichukua neno la kuona mbele. Mwenye akili aliona kiwanja kilivyo siku ile. Mwenye busara alikiona kitakavyokuwa mwezi wa Novemba.

Nikakiacha. Upesi akakinunua mtu mwingine, baba wa watoto watano. Nilipita pale mara nyingi akijenga, nikamwamkia, nikaenda zangu. Mvua zilipokuja, usiku mmoja mtelemko ukaporomoka. Wale watu walitoka salama, lakini nyumba na vyombo vyao vyote vilikwenda na matope.

Nilimpelekea baba habari hiyo kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Akanitazama, akauliza neno moja tu: “Ulimwonya?”

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipofahamu hekima ni nini. Mimi nilikuwa nimeazimwa macho ya baba, nikayatumia kwa faida yangu peke yangu. Hekima huuliza zaidi ya hapo: jambo hili ni jema kwa nani, na mwisho wake ni nini?

Watu wa Bukavu tumeuona mfano wake. Askofu mkuu wetu Christophe Munzihirwa, mwezi wa Oktoba 1996, aliiona vita ikikaribia mji kama tulivyoiona sisi sote. Werevu ungalimwonyesha njia ya kukimbia. Yeye alibaki pamoja na watu wake, akiwatetea raia na wakimbizi, akauawa tarehe 29 ya mwezi ule. Nani atathubutu kusema kwamba alikosa busara? Aliona mbali kuliko sisi, kwa kuwa hakujitazama mwenyewe.

Kijana alikaa kimya kitambo, kisha akalifuta jibu lake, akaanza kuandika upya. Sikumsahihisha tena.

Nanyi wazazi, shule itawapa watoto wenu akili, na soko litawapa werevu hata msipotaka. Lakini busara na hekima watazitafuta kwenu. Mtu yule aliyepoteza nyumba nakutana naye njiani mpaka leo. Siku moja nilikwenda nikamwungamia kosa langu. Alinisamehe, lakini kila mvua inyeshapo usiku, mimi huamka.