Michoro 720 ya dakika moja

Nimeadimika, kisa katuni. Sekunde moja ya filamu inakula fremu 24. Hata kila mchoro ukikaa fremu mbili, bado unachora 12. Dakika moja ni michoro 720!

Yangu inaonyesha moyo unavyosukuma damu, niende nayo TP. Mwenzangu wa chumbani ananicheka: "We mwalimu, katuni za nini?" Namwambia Ubongo Kids ya Dar ilianza 2014 kufundisha hesabu kwa katuni za Kiswahili. Vali uliyoichora ubaoni haitikisiki. Kwenye katuni inafunga, mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini damu hairudi nyuma.

Mpaka leo nina michoro 96, yaani sekunde 8 tu. Imebaki 624, na TP ndo hiyo inakuja. Mwenye kioo na taa ya kuchorea anikopeshe jamani!