Oman kwa Gari la Kukodi: Mmoja Usukani, Mwingine Macho

Kwa maharusi wanaotoka pwani yetu, fungate ya Oman ina raha yake. Muscat utasikia Kiswahili, maana familia nyingi za huko zina mizizi Zanzibar. Lakini ili mfaidi milima, jangwa na bahari kwa nafasi yenu, mtakodi gari. Hapo sasa ndipo pa kutuliza akili, jamani.

Kule magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Kwenye barabara kuu utazoea haraka. Hatari ipo asubuhi mnapotoka hotelini au sheli, barabara tupu, na mazoea yanakurudisha upande wa nyumbani. Na kipilefti? Sahau hata jina lake! Oman unazunguka kwa kulia na kuwapisha wanaotokea kushoto. Kwa hiyo asiyeendesha asilale wala asichati. Kila mnapoingia barabarani aseme kwa sauti, "Kulia, mpenzi." Nawe uliyeshika usukani usinune. Hujadharauliwa, unalindwa.

Mkitaka kupanda Jebel Akhdar kwenye mashamba ya waridi na makomamanga, kodini gari la 4x4. Chini ya mlima kuna polisi, na gari la kawaida hurudishwa. Wakati wa kushuka tumia gia namba moja au mbili ili injini izuie gari. Ukikanyaga breki njia nzima zitachemka na kukataa kushika.

Halafu kuna wadi (siyo ile ya hospitali!), yaani mkondo mkavu unaokatiza barabara. Mvua ikinyesha mlimani, maji yanaweza kuwafikia ninyi mkiwa kwenye jua kali. Kujitosa na gari kwenye wadi yenye mafuriko ni kosa kisheria. Kuna wanaume huona haya kugeuza gari mbele ya bibi harusi. Kaka, geuza! Maji ya magotini tu yanaweza kusomba gari dogo.

Salalah iko kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, na ngamia huvuka barabara wapendapo. Miguu yake ni mirefu, hivyo ukimgonga mwili wote huja kwenye kioo cha mbele. Gawanyeni safari kwa siku mbili, na giza likiingia muwe mmeshafika mnapolala.

Kabla ya kupokea ufunguo, lipigeni gari picha pande zote, kagueni tairi la akiba na jeki, na ulizeni bima inalipia nini. Kama mtapokezana usukani, majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba. Namba ya dharura ni 9999.

Na mkigombana kuhusu njia, kama wapendanao wote, egesheni kwanza. Ugomvi uendelee gari likiwa limezimwa.