Mwaka wa Banyambala

Dereva mmoja wa bajaji mjini Tunduma, jezi ya Yanga mwilini, alikataa katakata kwamba Tukuyu iliwahi kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara. "Tukuyu hii hii ya ndizi, mzee?" Hii hii. Mwaka 1986, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, Tukuyu Stars, Banyambala kwa jina la utani, iliziacha nyuma Simba na Yanga.

Mzee aliyeulizwa alikuwa fundi redio. Enzi hizo Songwe ilikuwa haijawa mkoa. Tunduma ilikuwa Mbozi, na Mbozi ilikuwa Mbeya, hivyo Banyambala walikuwa timu ya nyumbani kabisa. Bara haikuwa na televisheni. Mpira ulisikilizwa Redio Tanzania, na pa kuusikiliza palikuwa bandani kwake.

Banda lilinuka risasi iliyoyeyushwa na vumbi la redio kuukuu. Betri zilizochoka zilianikwa juu ya bati tangu asubuhi, zipate japo nguvu ya kufika kipindi cha pili. Fundi hakumfukuza asiye na redio ya kutengeneza. Wachuuzi waliovuka mpaka kutoka Nakonde walisimama na mizigo kichwani, wapagazi wakachuchumaa mlangoni. Mtangazaji akipandisha sauti, fundi huinua mkono, na hata mteja aliyekuja kudai redio yake hunyamaza. Mbwana Makatta golini, Godwin Aswile uwanjani: majina hayo yalitajwa kama ya ndugu.

Siku hizi palipokuwa banda pana kibanda umiza. Vijana hulipa kiingilio kutazama ligi ya Uingereza, na kikosi cha Arsenal wanakijua hadi wa akiba. Wa mwaka 1986 hawamjui hata mmoja, na hakuna aliyejali kuwafundisha. Inauma.

Tukuyu Stars haikudumu juu. Prisons, nayo ya Mbeya, ikachukua ubingwa mwaka 1999. Mbeya City ya Juma Mwambusi ikashika nafasi ya tatu msimu wa 2013/14. Ihefu ya Mbarali, iliyoikatisha Yanga mechi 49 bila kufungwa mwezi Novemba 2022, ikahamishiwa Singida na kupewa jina jingine, kana kwamba wakulima wa mpunga wa Ubaruku walikuwa wapangaji tu. Simba na Yanga nani angethubutu kuzihamisha Kariakoo?

Mtu wa Tunduma anayetaka kuiona ligi kuu kwa macho bado hupanda Kosta hadi uwanja wa Sokoine, Mbeya, mwendo wa kilomita zaidi ya 100.