Kutu Iliyoingia na Maji Safi

Wahenga walituachia usemi kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu tunautumia usemi huu tunapowazungumzia wanadamu wenzetu. Hata hivyo, mimi nilifunzwa maana yake na mabomba ya nyumba moja kuukuu katika jimbo la Wisconsin, Marekani, nilikopanga chumba kwa mwaka mmoja nikifundisha Kiswahili chuoni kabla ya kurejea kusomea shahada ya uzamili.

Msomaji aliyelelewa Kisumu au Malindi huenda asijue jinsi baadhi ya nyumba za huko zinavyotiwa joto. Katika chumba kilicho chini ya nyumba huwekwa boila. Humo maji hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 70 au 80, kisha pampu huyasukuma mabombani hadi kwenye vyuma vipana vilivyosimama chini ya madirisha. Vyuma hivyo ni ndugu wa rejeta ya gari, nami nitaviita rejeta. Maji yakishatoa joto lake vyumbani hurudi kwenye boila, safari ikaanza upya. Huo ni mzunguko uliofungwa. Maji ni yaleyale mwaka nenda mwaka rudi. Ukikatika wakati wa baridi kali, nyumba haikaliki, na maji yanaweza kuganda na kuyapasua mabomba.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane. Marehemu mumewe alizoea kuyamwaga maji hayo kila yalipoonekana meusi na kutia mapya. Bibi aliuendeleza utaratibu huo kwa uaminifu wa mtu anayetimiza wasia. Kila mwezi alishuka na ndoo yake. Licha ya juhudi hizo, rejeta mbili zilianza kuvuja, na nyingine zikawa baridi upande wa chini.

Fundi aliitwa mwezi wa Januari. Alikinga maji meusi katika chupa, akaisogezea sumaku. Weusi wote ukakimbilia upande mmoja. Alieleza kwamba hiyo ni magnetaiti, kutu nyeusi, yaani chuma kilicholiwa kutoka ndani na kutuama kama tope. Kisha akasema jambo lililotushangaza: maji makuukuu si adui. Oksijeni iliyomo humalizika upesi ikikutana na chuma, nayo kutu hukosa cha kuitia nguvu. Adui ni maji safi. Kwa hakika, lita 1 ya maji ya mfereji yenye nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, kiasi kinachotosha kula miligramu 23 hivi za chuma. Ni kidogo, lakini ndoo hufuata ndoo. Tena chuma hakiliwi kwa usawa. Huchimbika mahali pamoja hadi kikatoboka.

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. Gharama ilimwumiza, lakini lililomchoma zaidi ni kuambiwa kwamba tendo la mapenzi ndilo lililoitafuna nyumba. Fundi hakumlaumu marehemu. Alisema tu kwamba maji meusi humtia shaka kila ayaonaye.

Tiba yenyewe ilikuwa na utaratibu. Kwanza, mivujo yote ilizibwa na rejeta mbili zikabadilishwa, kwa maana vali inayojaza maji yenyewe huuficha mvujo huku ikiilisha kutu. Pili, tope lilisafishwa. Tatu, maji mapya yalitiwa dawa ya kuzuia kutu, na chujio lenye sumaku likafungwa bombani. Baada ya hapo ndoo ilipumzishwa. Madereva wetu wanalifahamu somo hili: anayeongeza maji matupu katika rejeta ya matatu kila asubuhi, badala ya kuziba tundu, anajinunulia rejeta nyingine.

Nasi wanafunzi wa lugha tuna letu la kuokota hapa. Kiswahili husema chuma kimeshika kutu, kimeingia kutu au kimeliwa na kutu. Zamani nilidhani misemo hii ni visawe tu. Sasa naona kila mmoja una zamu yake: kutu hushika kwa nje tukaiona, huingia kwa njia tuliyoifungua wenyewe, hatimaye hula. Katika nyumba ile, mlango ulifunguliwa na mkono wa mtu aliyeipenda.