Barua kutoka Norfolk: Anza na marisau, bunduki itafuata



Naandika kutoka Norfolk, mashariki ya Uingereza, nchi tambarare ya ngano, viazisukari na rapa, lile zao la maua ya manjano linalokamuliwa mafuta. Huku mashambani shotgani ni chombo cha kazi. Mkulima anaihitaji kwa ajili ya njiwa-mwitu wanaoshuka kwa makundi kwenye rapa changa wakati wa baridi, kunguru wanaofukua mbegu, na sungura wanaoguguna ngano pembezoni mwa shamba. Mwindaji anaihitaji kwa fezanti, ndege mkubwa wa ukoo wa kwale, ambaye msimu wake hufunguliwa tarehe 1 Oktoba na kufungwa tarehe 1 Februari. Anayetaka kununua hukutana na mjadala uleule: mtengenezaji gani, mitutu miwili iliyolala sambamba au iliyopandana, bei gani. Mjadala huo naona unaanzia mwisho. Bunduki ya kuwindia inafaa ichaguliwe kwa kurudi nyuma: kwanza mnyama na umbali atakaopigwa, kisha marisau yatakayomuua palepale kwa umbali huo, kisha mtutu unaoweza kuyarusha bila hatari, kisha kitako kinacholingana na mwili wa mpigaji. Jina la fundi na nakshi za ubavuni ni mambo ya baada ya hayo. Mpangilio huu ulikuwa wa busara siku zote, lakini sasa umekuwa wa lazima, kwa sababu mnamo Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba marisau ya ledi, yaani madini ya risasi, yatapigwa marufuku England, Scotland na Wales, kukiwa na kipindi cha mpito cha miaka mitatu baada ya sheria kupita.

Tuanze na namna shotgani inavyoua. Haitegemei risasi moja; hurusha wingu la chembe ndogo, ndizo marisau, na ndege hufa papo hapo pale chembe kadhaa zinapompata kwa pamoja zikiwa bado na nguvu ya kufika kwenye moyo, mapafu au ubongo. Kwa hiyo kuna masharti mawili yanayokwenda pamoja: wingi wa chembe na uzito wa kila chembe. Waingereza hupima wingi huo kwa duara la kipenyo cha sentimita 76, na kwa fezanti wamezoea kutaka chembe zipatazo 120 ndani yake. Chukua katriji ya kawaida ya gramu 30 ya ledi namba 6, ambayo chembe zake zina upana wa milimita 2.6. Ina chembe kama 285. Mtutu usio na choki, yaani usiobanwa mdomoni, huweka karibu asilimia 40 ya chembe hizo ndani ya duara kwa umbali wa mita 36. Hiyo ni chembe 114, pungufu kidogo ya kiwango. Choki ya robo huweka karibu asilimia 55, nazo ni zaidi ya 150. Choki kamili hufika asilimia 70. Tazama hesabu hiyo ilivyo: choki ya robo inatosha hadi mita 36, na hapo ndipo walio wengi tunapaswa kuacha kupiga. Aliyenunua bunduki yenye choki kamili mitutu yote miwili kwa kuamini kwamba inafika mbali, amenunua wingu jembamba ambalo kwa mita 20 litamkosa ndege au litamharibu nyama yote. Karibu wanyama wote wa shambani, njiwa, sungura na kunguru, hupigwa ndani ya mita 30.

Sasa weka chuma mahali pa ledi. Sentimita moja ya ujazo ya ledi ina uzito wa gramu 11 na ushei. Ya chuma haifiki gramu 8. Chembe nyepesi hupoteza mwendo upesi hewani, kwa hiyo kanuni ya wazoefu ni kupanda ukubwa kwa namba mbili, maana namba ndogo ndiyo chembe kubwa: aliyekuwa akitumia ledi namba 6 atumie chuma namba 4, chembe ya milimita 3.1. Kila chembe ya namna hiyo ina uzito unaozidi kidogo ule wa ledi namba 6, lakini katika gramu 30 hupati 285 tena. Unapata kama 245. Hasara hiyo ni ya kweli, nami sitaificha. Ila chuma ni kigumu. Ledi hubonyea inaposukumwa ndani ya mtutu, na chembe iliyobonyea hutoka nje ya mstari. Chembe za chuma hubaki duara na kwenda zikiwa zimekaribiana zaidi. Ndiyo maana choki ya robo hufanya kwa chuma kazi iliyohitaji choki kubwa zaidi kwa ledi, na ndiyo maana hakuna sababu tena ya kuitafuta bunduki yenye choki kali. Ugumu huohuo una hatari yake. Chembe kubwa za chuma zikilazimishwa kupita mdomo uliobanwa sana zinaweza kuuvimbisha mtutu. Kwa katriji za nguvu ya juu zenye chembe zinazozidi milimita 4, choki isizidi nusu. Na katriji hizo za nguvu ya juu ni za mitutu iliyojaribiwa mahsusi tu, iliyopigwa chapa ya ua la yungiyungi na nyumba ya majaribio. Huku majaribio ya mitutu ni jambo la kale: chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya Birmingham ilianzishwa 1813. Anayenunua leo, hata bunduki iliyotumika, aangalie chini ya mtutu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Wapo wanaopinga, tena ni wawindaji wa muda mrefu wanaostahili kusikilizwa. Wanasema chuma hujeruhi badala ya kuua, na kwamba marufuku yaliyokusudiwa kuwaokoa ndege yatawaacha wengi wakifa polepole vichakani. Lingekuwa kweli, hoja yangu yote ingeanguka, maana nimesema kifo cha papo hapo ndicho kipimo. Lakini jambo hili limejaribiwa. Huko Texas watafiti waliwapa wawindaji wa njiwa katriji za ledi na za chuma bila kuwaambia ipi ni ipi, kisha wakahesabu ndege waliopatikana, waliojeruhiwa na waliokoswa. Hawakuona tofauti kati ya ledi na chuma. Denmark ilipiga marufuku marisau ya ledi katika uwindaji wote mwaka 1996, Uholanzi ikitangulia 1993, na Marekani ilikwisha kuyaondoa katika uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima kufikia 1991. Nchini Denmark uwindaji unaendelea, kizazi kizima kimekulia na chuma. Ukichunguza malalamiko dhidi ya chuma utakuta mengi yanatokana na mambo mawili: mtu kubaki na namba ileile ya chembe aliyoizoea, au kumpiga ndege aliye mita 45 juu. Kwa umbali huo ledi nayo hujeruhi, isipokuwa ndege aliyejeruhiwa aliruka akaenda kufia mbali na hakuhesabiwa.

Baada ya marisau na mtutu ndipo unafika mwili, na hapa ndipo pesa ya mnunuzi inapozaa matunda mengi kuliko popote. Shotgani haielekezwi kwa kulenga kama raifo. Jicho lenyewe ndilo kilengeo cha nyuma. Likikaa juu mno, chini au pembeni ya uti wa mtutu, wingu zima linakwenda upande huo. Kitako kirefu kinakwama kwapani, kifupi kinarudisha kipigo shavuni na puani. Vipimo vya kiwandani, karibu sentimita 37 kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, vimewekwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani wa huku, na mwanamke au mtu mfupi anayevipokea bila kuvihoji atapiga vibaya miaka yote huku akijilaumu mwenyewe. Lipo pia suala la jicho linalotawala. Mtu anayetumia bega la kulia huku jicho la kushoto likitawala atapiga kushoto ya kila ndege, na hakuna bei ya bunduki itakayomponya. Atafumba jicho hilo au atahamia bega la kushoto. Fundi wa kurekebisha kitako hutoza sehemu ndogo ya bei ya bunduki mpya. Bunduki ya kawaida iliyolinganishwa na mwili naipendelea kuliko ya kifahari ya kukopa vipimo vya mwingine.

Kwa upana wa mtutu, namba 12 au namba 20? Namba 20 ni nyembamba na nyepesi, mara nyingi chini ya kilo tatu, na inabebeka vizuri kwa anayetembea siku nzima. Katika ledi ningeitetea bila kusita. Katika chuma hesabu inabadilika, kwa kuwa chembe zimekuwa kubwa na zinahitaji nafasi. Katriji ya namba 12 inazipokea kwa urahisi, na uchaguzi wake ni mpana na nafuu zaidi. Basi kwa mtu anayetaka bunduki moja kwa kazi zote, nasema namba 12, mitutu iliyopandana, ya inchi 28, yenye choki za kubadilisha na chapa ya chuma. Bunduki hiyo ikifunguliwa, kila aliye karibu anaona kwamba haina katriji.

Kuhusu ndege na wanyama waharibifu, wengi hudhani hapo ndipo panapohitajika bunduki ya kujipakia yenyewe, kwa kuwa njiwa ni wengi na huja kwa kasi. Sheria ya bunduki ya 1968 na marekebisho yake imeshaweka mpaka: kwa cheti cha kawaida cha shotgani, bohari isiweze kushika zaidi ya katriji mbili, mtutu usipungue inchi 24, na chombo chenyewe kifungwe mahali salama. Hivyo faida ni risasi moja ya ziada, na hiyo ya tatu kwa kawaida humfuata ndege ambaye tayari anaondoka. Isitoshe, kumpiga njiwa si haki ya wazi. Inafanywa chini ya leseni za jumla za serikali, kwa sababu maalumu kama vile kuzuia hasara kubwa ya mazao, na mwaka 2019 leseni hizo ziliondolewa ghafla baada ya kikundi cha Wild Justice kuzipinga kisheria, kisha zikaandikwa upya. Mkulima anatakiwa kutafuta kwanza njia zisizoua. Nami naliona hilo ni sawa. Bunduki ni sehemu ya ulinzi wa shamba, pamoja na vitisho na nyavu. Kwa panya haifai kabisa, na kwa paa sheria inaibana mno, kwa hiyo hakuna haja ya kununua kubwa zaidi kwa kuwawazia hao.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la urithi. Familia nyingi huku zina bunduki ya babu, mitutu sambamba, myembamba, choki kali, isiyofaa kwa chuma cha nguvu, na wengine wana mitutu ya Damascus, iliyofuliwa kwa chuma cha kusokotwa, isiyofaa kwa marisau ya chuma ya aina yoyote. Kuwaambia waitupe ni ukatili, tena si lazima. Yapo marisau ya bismuthi, madini yaliyo laini na ambayo uzito wake unakaribia gramu 9.6 kwa sentimita ya ujazo, na bunduki nzima ya zamani yenye uthibitisho halali inaweza kuitumia. Ni ghali, mara kadhaa kuliko chuma. Lakini anayeitoa bunduki ya babu mara chache kwa mwaka anaweza kuibeba gharama hiyo. Asiyeweza kuibeba ni yule anayepiga katriji mia mbili za njiwa kwa siku, na huyo ndiye anayehitaji bunduki iliyojaribiwa kwa marisau ya chuma.

Mtaniuliza haya yanawahusu nini ninyi mlio Naivasha au Arusha. Mabata-mwitu wa aina kadhaa wanaozaliana Ulaya na Asia huvuka hadi maziwa ya Bonde la Ufa kukimbia baridi, na bata humeza marisau yaliyozama matopeni akidhani ni changarawe za firigisi. Ledi humuua taratibu. Hapa Uingereza makadirio ni ndege wa majini 50,000 hadi 100,000 kila msimu wa baridi. Mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulasia, ambao Kenya na Tanzania zimo, ulitaka ledi iondoke katika ardhioevu kufikia mwaka 2000. England ilitunga kanuni yake 1999, ikikataza kupiga bata na mabata bukini kwa ledi popote walipo. Ila watafiti waliponunua mabata madukani na kutoa chembe zilizomo, katika matokeo yaliyochapishwa 2010, asilimia 70 walikuwa wameuawa kwa ledi. Sababu naiona kwenye kabati la bunduki. Mtu yuleyule, siku ileile, hupiga fezanti kisha bata kwa bunduki moja na mfuko mmoja wa katriji, na bunduki hiyo ilinunuliwa bila kufikiria chuma. Kanuni ilimtaka abadilishe katriji katikati ya siku, kwa mtutu ambao hakuuamini kwa chuma. Anayenunua sasa bunduki iliyopigwa chapa ya chuma, akaijaribu kwenye karatasi kubwa kwa mita 25, 30 na 36 na kuhesabu matundu, hatalazimika kuchagua kati ya katriji za aina mbili bata anapotokea.

Ndugu yenu,
Norfolk, Uingereza