Nani Atatia Sahihi?

Katika vyuo vingi vya biashara huku Kanada, somo huanza usiku wa kuamkia siku ya darasa. Mwanafunzi anasoma kurasa kumi na kitu za kisa cha kweli: kampuni, meneja wake, hesabu zake, na uamuzi usiosubiri. Asubuhi mwalimu anamnyooshea kidole yeyote: wewe ungefanyaje? Harvard waliuiga mtindo huu kutoka kwa walimu wa sheria, na kisa chao cha kwanza cha biashara, cha mwaka 1921, kilihusu kampuni ya viatu. Ivey, shule iliyoko London ya Ontario, huandika visa vyake na kuviuza duniani kote.

Ugumu wa kuandika kisa hauko kwenye kalamu, uko kwenye sahihi. Kampuni isipotia sahihi barua ya ruhusa, kisa hakitoki, hata kama mkurugenzi alihojiwa kutwa nzima na kufungua vitabu vyote. Mwanasheria wa kampuni akikataa, kazi inaishia kabatini. Ndiyo maana kampuni nyingine hufichwa: jina linabadilishwa, mji unahamishwa, na fedha zote zinazidishwa kwa namba moja ili uwiano usiharibike.

Nyumbani Tanzania tunalaumiwa kwamba hatuandiki visa vyetu. Hata M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007, imeandikiwa visa ng'ambo. Lakini hebu mwombe mwenye duka la jumla Kariakoo, Dar es Salaam, akuonyeshe daftari. Soda atakununulia, na hadithi ya alivyoanza na mtaji wa kuunga-unga atakupa yote. Ukitaja daftari, atakuuliza umetumwa na nani. Simlaumu. Mshindani wake yuko duka la pili, na watu wa kodi hawako mbali. Mhadhiri naye, akitaka kupanda cheo, anajua makala ya jarida ndiyo yenye uzito kuliko kisa.

Mimi ningeanzia kwenye ushirika. KNCU ya Moshi, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilisajiliwa mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, vikarudi miaka ya 1980. Hesabu za chama husomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, kwa hiyo siri imeshatoka. Na Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho kingeweza kukiandika kisa, kiko mji huohuo.

Kisa chenyewe kinajiandika: bei ya kahawa mnadani imeshuka, wakulima wanadai malipo ya awali yapande, na wanunuzi wengine wanazunguka vijijini na fedha taslimu. Mwenyekiti akope benki alipe, au awaache wanachama wauze kwingine? Darasa lenye watoto waliosomeshwa kwa kahawa hiyo halitahitaji kunyooshewa kidole. Na kiandikwe kwa Kiswahili, ili wajumbe wa bodi wakisome mstari kwa mstari, wabishane nacho, ndipo watie sahihi.