Bahari Isiyokuwa na Pwani

Neno pwani limezaliwa na kitendo cha kupwa. Ni pale maji yanapopwa, yakaacha nchi ambayo si ya bahari wala si ya bara, ikakanyagwa kwa saa chache kisha ikarejeshwa kwa mwenyewe. Mtu aliyelelewa Jambiani, upande wa mashariki ya Unguja, halifikirii neno hili, hulikanyaga tu. Maji yakitoka huko hwenda mbali hadi karibu na mwamba, na wanawake huyafuata: huyu na kijiti chake cha kuchokolea pweza, yule na kamba za mwani, ambao kilimo chake kilianza huko na Paje mwaka 1989, na mwengine kwenda kuyatazama makumbi aliyoyafukia mchangani miezi mingi nyuma ili yaoze, apate usumba wa kusokotea kamba.

Mama mmoja wa huko, mjane aliyekwishapindukia miaka sitini, alialikwa London na bintiye, ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akifanya kazi Uingereza. Binti alikuwa na ombi ambalo hakulitamka kwenye simu wala uwanja wa ndege: mamake asirudi tena. Alijua jibu litakuwa bahari. Basi akaona vyema amwoneshe kwanza kwamba hata huku bahari ipo, na siku moja ya Agosti wakapanda treni, mwendo wa kama saa moja, wakateremka Brighton.

Mji huu umekuzwa na maji ya chumvi. Mnamo mwaka 1750 tabibu Richard Russell aliandika kitabu cha kuyasifu maji ya bahari kuwa ni dawa, na wagonjwa wakaoga na hata kuyanywa. Mwana wa mfalme akafika mwaka 1783, reli ikafika mwaka 1841, na baada ya hapo kila mtu. Waingereza, kwa hivyo, waliiendea bahari kama aendavyo mgonjwa kwa mganga, na pengine ndiyo sababu mpaka leo hukaa mbele yake kama watu wanaongoja zamu.

Njiani mama aliona makuba makubwa yameinuka juu ya miti, moyo ukamtulia, akauliza kama adhuhuri itawakutia pale. Ilibidi aelezwe kwamba ule si msikiti bali ni jumba la starehe la mfalme, lililomalizika mwaka 1823 kwa sura ya majumba ya Bara Hindi.

Ufukweni hapakuwa na mchanga. Palikuwa na mawe, mamilioni ya mawe ya gumegume yaliyosuguliwa na mawimbi hata yakawa kama mayai, na kila hatua yaliteleza na kulia chini ya viatu. Watu waliolala juu yake nusu uchi hawakumshangaza. Wageni wa Jambiani wamekwishamzoesha. Kilichomshangaza ni kuwa hakuna aliyekuwa akifanya jambo lolote. Alikodishiwa kiti. Akaletewa chipsi, na shakwe akamnyang'anya moja mkononi. Alitia vidole majini akavitoa upesi, kwani bahari ya huko, hata katika kilele cha kiangazi, haizidi sana nyuzi 18.

Lakini baridi si hoja. Hoja ilikuwa saa. Usiku wa kuamkia safari mama aliuona mwezi dirishani, mpevu, akajua ni bamvua. Bamvua Jambiani maji hukauka mnamo saa nne ya asubuhi, na hesabu hiyo hakufundishwa na mtu. Iko mwilini mwake kama njaa. Walipofika saa tano maji yalikuwa yakijaa. Saa saba yalikuwa yamejaa pomoni, yanapiga mawe. Mwezi ni ule ule, na bahari zote humtii, ila kila bandari humtii kwa kuchelewa kwake, kwa kadiri ya umbo la ardhi na kina cha maji. Wanamaji hulijua hilo. Kwa mama lilikuwa ni kama kuingia nyumbani kwa jamaa akakuta wanakula futari asubuhi.

"Mama, umeipenda?" binti akauliza.

"Bahari nimeiona, mwanangu. Pwani ndiyo sijaiona."

Binti alinyamaza. Alikuwa amezilipia tiketi hizi kwa zamu mbili za usiku, na katika ukimya wake mlikuwa na uchungu ambao mama aliusikia, maana alianza kuyasifu mawe, kisha upepo, kisha chai. Sifa za mtu muungwana ni nzito kuliko lawama. Ilipokaribia saa kumi na moja binti alikunja mtandio, akasema treni yao ni saa kumi na mbili.

"Tungoje kidogo," mama alisema. "Yanatoka."

Na kweli yalikuwa yakitoka. Bahari ya Brighton katika bamvua hupanda na kushuka karibu mita 6, zaidi ya ile ya Unguja, isipokuwa huteremka kwenye mteremko mkali, haiendi mbali. Kuelekea saa moja ya jioni, jua likiwa bado juu, chini ya mawe ukatokea ukanda mwembamba wa mchanga, wa rangi ya kahawia, umelowa. Mama akavua viatu akampa bintiye. Akashuka polepole hadi kwenye miguu ya chuma ya gati kongwe lililofunguliwa mwaka 1899, akaipapasa. Ilikuwa imeshonana kome weusi.

"Hawa hawaliwi?"

Binti hakujua. Alikuwa amefika hapa mara nyingi na marafiki, na hakuwahi hata mara moja kungoja maji yatoke. Alisimama juu ya mawe na viatu vya mamake mkononi, treni imekwishaondoka, ombi lake lingali kifuani. Na mama kule chini, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, anahesabu kome kwa kidole.